Theluji ya Mulongwe

14 Februari

Ninadai hivi, na nitalitetea dai hili hadi mvua ya mwisho ya msimu: mashine inayomjibu mtoto kabla hajamaliza kujiuliza haimsaidii kusoma, inamwibia swali lake. Ninaliandika leo, kabla matokeo hayajaonekana, ili kesho asitokee mtu akaniambia kwamba nilisubiri kuona upande utakaoshinda.

Sababu ni mkutano wa walimu wa asubuhi. Prefe wetu, mkuu wa shule Herménégilde, alitukumbusha kwamba majuma yaliyoliwa na milio ya risasi hayatarudi, na kwamba wanafunzi wetu wa mwaka wa sita watafanya mtihani wa Taifa uleule watakaoufanya wenzao wa Kinshasa, ambao hawakukosa hata somo moja. Hilo ni kweli. Kisha akampa neno Patient, mwalimu wa Kifaransa, naye akasimama ameinua simu yake kama shemasi aliyeinua Injili. Kutakuwa na kundi la WhatsApp la darasa. Humo ataweka video za masomo kutoka mtandaoni, na majibu ya ile akili bandia ambayo siku hizi kila mtu hapa Uvira anaiita IA: unaiandikia swali, nayo inakuandikia jibu kwa Kifaransa kisicho na kosa hata la nukta.

Niliuliza nani amezichagua video hizo, nani atawajibika mashine ikikosea, na kwa nini chombo kizuri namna hii kinatolewa bure. Prefe alisema maswali yangu ni mazuri. Katika shule yetu, ukiambiwa swali lako ni zuri, ujue halitajibiwa. Patient alicheka.

"Évariste, weye unasomaka sana mpaka unaogopa kila kintu yenye hukusoma."

Walimu wakacheka naye. Mimi ndiye mdogo wao kwa umri, mwalimu wa historia na uraia, na sina mvi hata moja kichwani ya kunitetea. Nikacheka pia, kwa adabu.

19 Februari

Asiyewahi kufundisha chini ya bati haijui saa ya mvua. Matone ya kwanza unayashinda kwa kupaza sauti; baadaye unabaki ukifumbua na kufumba mdomo kama samaki aliyetupwa mchangani, na darasa zima linakutazama kwa huruma. Hapo desturi yetu ni moja: mwalimu anakaa, chaki inapumzika, wanafunzi wanangoja. Nimeipenda saa hiyo tangu nilipokuwa mwanafunzi. Mawazo yangu machache ya kweli yalinijia humo, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeweza kuniambia la kuwaza.

Leo mvua ilipoanza hawakungoja. Madawati yalisogezwa, simu zikatoka, na nyaya za kusikilizia zikagawanywa, sikio moja kwa kila mtoto. Katikati ya kundi kubwa zaidi alikaa Generose Ndayiragije. Binti huyu ni mtoto wa wakulima wa uwanda wa Ruzizi. Anaishi hapa mjini, mtaa wa Rugenge, kwa shangazi yake, na simu amepewa na kaka yake anayefanya kazi Bujumbura. Yeye ndiye aliyeishika, na yeye ndiye aliyeamua pa kusimamisha na pa kurudia. Nilikuwa mwalimu wa chumba kile, lakini mkono uliokiongoza ulikuwa wake.

Mvua ilipopungua niliwauliza wamejifunza nini. Wakasema elektrolizi. Nikauliza kama hawana mwalimu wa kemia. Generose akajibu bila kuinua sauti:

"Tuko naye, Prof. Lakini ule wa mu video, tukikosa kusikia, tunamurudisha nyuma. Ba hapa, tukibarudisha, banakasirika."

Darasa lilicheka mpaka nikatamani mvua irudi.

26 Februari

Mvua. Video. Mvua.

3 Machi

Nimeitazama ile video ya elektrolizi, ili nisihukumu nisichokijua. Ni mtu mwenye mikono safi mbele ya ukuta mweupe, katika nchi ambayo bila shaka mabati yake hayapigi kelele. Anaeleza polepole. Anachora. Nilipokuwa mwaka wa tano niliandika kurasa nyingi juu ya jambo hilo na sikuelewa hata mstari. Leo nimeelewa, na kuelewa kwenyewe kumeniudhi.

Lakini nilitega mtego. Katikati ya maelezo yake nilikunja uso kama mwanafunzi aliyepotea. Hakuuona. Mwalimu asiyeona uso uliopotea ni redio. Nikimwambia Patient hivyo atasema hata mimi sioni nyuso, kwa kuwa huwa natazama dirishani nikifundisha. Sitamwambia.

11 Machi

Insha ya Kifaransa ndiyo mlango wa kwanza wa mtihani wa Taifa, nayo huangusha wengi. Kwa desturi mwalimu hutoa mada kumi za kujiandaa, na moja ya hizo huokotwa siku ya mtihani wa majaribio. Patient ametoa zake kumi. Ila safari hii, chini ya kila mada, ameweka ndani ya kundi insha nzima iliyoandikwa na IA, na juu yake neno moja: *Mfano*.

Nilimuuliza mfano wa nini. Akasema wa mtindo: waone jinsi utangulizi unavyoingia, jinsi hoja inavyogeuka. Sikuona uongo usoni mwake, jambo lililonitia wasiwasi zaidi.

Jioni niliwaona uani. Walikuwa wakitembea mmojammoja, huku na huku kati ya ukuta na mti wa msonobari, midomo ikicheza, macho juu. Kila mtu aliyesoma katika nchi hii anaujua mwendo huo. Ndio mwendo wa kumeza. Mwalimu anaamuru, mwanafunzi ananakili, kisha anameza kama samaki sangala amezavyo ndagala, dagaa wa ziwa letu, mzima na kichwa chake. Siku ya mtihani anamrudisha mezani akiwa bado na magamba. Tumelelewa hivyo sote. Kinachotoka kwa mwalimu hakijadiliwi, kinashikwa.

Patient amewapa mfano. Wao wamepokea Misale, kitabu cha sala kisichobadilishwa hata neno.

20 Machi

Barabara ya Kalundu imekatwa na tope. Nusu ya darasa haikufika. Waliofika walikuwa wakimeza.

28 Machi

Kuna jambo juu ya Generose lisilonipendeza. Wenzake wanatembea na kumeza. Yeye anakaa pembeni, anaandika kwa kidole, anasoma, anatikisa kichwa, anaandika tena. Mara anacheka peke yake. Leo nilipopita karibu alikilaza kioo cha simu kwenye goti. Nikamuuliza anaandikiana na nani. Akasema: "Na machine, Prof. Tunabishana."

Mtu habishani na mashine. Anayeilazimisha mashine kumwandikia zaidi ya mfano aliopewa anatafuta ushindi usio wake. Kama kuna mmoja darasani ambaye swali lake limekwisha kuibwa kabisa, ni huyu. Na inaniuma, kwa sababu kabla ya simu hiyo yeye ndiye aliyekuwa akinikatiza somo ili kuuliza.

16 Aprili

Mtihani wa majaribio. Nilisimamia. Mada iliyookotwa: *Maji ni uhai. Jadili.*

Kalamu zilianza pamoja, kama makasia ya mtumbwi mmoja. Hakuna aliyetafuna kifuniko cha kalamu, hakuna aliyefuta. Mvua ikaanguka, bati likanguruma, hakuna kichwa kilichoinuka. Generose peke yake alitazama dirishani muda mrefu, upande wa milima, akaanza wenzake walipokuwa wamefika katikati. Nikajisemea: mashine imemtoroka saa ya haja.

18 Aprili

Nitaandika kwa utaratibu, kwa sababu hasira huharibu mpangilio.

Leo mchana ofisi ya walimu ilikuwa tupu. Karatasi za insha zilikuwa mezani, zimekwisha kutiwa alama. Nikasoma ya kwanza. Nikasoma ya pili. Nilipofika ya tatu nilidhani nimeiokota ile ya kwanza kwa makosa, nikatazama jina. Jina lilikuwa jingine. Nikaendelea, nikisoma sasa kwa kidole, mstari kwa mstari, hadi nikafika kwenye sentensi ambayo sitaisahau. Ninaitafsiri kutoka Kifaransa:

*"Majira ya baridi yanapokwisha na theluji inapoyeyuka vileleni, mito yetu hujaa furaha, na watoto hukimbilia kingoni kuikaribisha."*

Mito yetu. Theluji. Sentensi hii imo katika insha zote isipokuwa moja. Imeandikwa na watoto wa Uvira, mwezi wa Aprili, mwezi uleule ambao, miaka michache iliyopita, mto Mulongwe ulishuka kutoka milimani na mawe, ukabeba nyumba na waliokuwamo. Wanaujua mto uliojaa. Miongoni mwao yuko kijana ambaye mdogo wake hakuonekana tena tangu siku ile. Jina lake sitaliandika hapa. Naye ameandika kwamba watoto hukimbilia kingoni. Ameandika kwa mwandiko mzuri sana. Amepata kumi na saba juu ya ishirini.

Patient alifika kwenye pikipiki kutoka shule yake nyingine, suruali imelowa hadi magotini. Nilikuwa nimekwisha kumhukumu: niliamini ameivujisha mada ili darasa lake ling'are. Nikamwekea karatasi mbili mbele. Alizisoma. Akachukua ya tatu. Akaketi.

Sitanakili yote tuliyosemezana. Kwa ufupi, mada haikuvuja. Iliokotwa mbele yetu sote. Watoto walikuwa wamemeza mifano yote kumi. Na yeye mwenyewe hakusoma insha hata moja. Alizipiga picha, akaipa mashine, akaiagiza izilinganishe na mfano na kutoa alama. Kadiri insha ilivyokaribia mfano, ndivyo alama zilivyopanda. Mashine iliandika, watoto wakanakili vichwani, mashine ikajisoma, ikajipongeza.

"Minye niko na mashule tatu, Évariste," alisema. "Zile copie zote, ningezisoma saa gani? Na hakuna mwenye alikopia. Bameshika. Weye ku masomo ulifanyaka nini?"

Nikarudi kwenye rundo la karatasi.

Imebaki ile insha moja. Ni ya Generose. Ninaitafsiri sehemu:

*"Maji ni uhai kwa mwenye kuyapima. Anayefungua bomba anayapima maji. Sisi, ni Mulongwe uliotupima. Nilikuwa mgeni kwa shangazi yangu ulipoingia. Ulitukuta wepesi, ukatutupa. Kesho yake tulipanga foleni na madumu kutafuta maji ya kunywa, na miguu yetu ilikuwa bado majini. Anayesema maji ni uhai aseme pia ni uhai wa nani, na nani ameshika ufunguo."*

Tano juu ya ishirini. Pembeni, maneno ya mashine yaliyonakiliwa kwa kalamu nyekundu ya Patient: *Nje ya mada.*

20 Aprili

Alama zimetangazwa uani, kwa sauti, jina kwa jina, kama ilivyo desturi. Kisha Prefe akasoma uamuzi aliokuwa ameutangaza tangu Januari: aliyekosa nusu katika insha, shule haitampeleka kwenye mtihani wa Taifa, ili asiiharibie jina. Akasomwa Generose. Alisikiliza akitazama viatu vyake. Wenzake walimtazama kama watu wanaomtazama mtu aliyechelewa basi la mwisho.

Alasiri alikuja shangazi yake, Mama Pudentienne, kanga imefungwa kwa haraka. Habari zilikuwa zimemfikia kwamba nimebishana na Patient ofisini. Alinieleza jambo nisilolijua. Baba yake Generose, kule uwandani, amesema huu ndio mwaka wake wa mwisho wa shule kwa namna yoyote; shamba haliwezi kusomesha wawili, na zamu ya mdogo wake imefika. Asipofanya mtihani mwaka huu, hatarudi darasani. Atarudi kwenye mpunga.

Nikamhakikishia kwamba nitapigana hadi mwisho. Alikaza fundo la kanga yake.

"Prof, nakuheshimu. Lakini vita yenu ya mawazo isipitie ku kichwa ya mutoto yangu."

23 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimetayarisha hoja yangu kwa baraza. Ni nzuri. Nimeisoma mara kadhaa na sikuona mwanya.

25 Aprili

Baraza la walimu. Prefe mezani, sisi kwenye madawati, Generose nje kibarazani akingoja kuitwa.

Nilisema hivi. Kwamba darasa zima limerudisha maneno ya mashine, hata theluji yake, na limepewa kumi na saba na kumi na nane. Kwamba mmoja tu ameandika juu ya maji anayoyajua. Kwamba mtihani wa majaribio, kama una maana yoyote, ulikuwa umempata mtu mmoja anayefikiri, nasi tunataka kumfukuza. Nikamalizia kwa sauti niliyoitayarisha: huyu peke yake ndiye aliyeandika bila mashine.

Halafu Patient akainua mkono. Nilijiandaa kumjibu.

"Minye sikusoma ile copie yake," alisema. "Nilipiga photo tu. Leo asubui njo nimeisoma. Iko juu ya zote."

Alisema hayo mbele ya Prefe, mwenye uwezo wa kumwondolea saa za kufundisha. Kwa miezi miwili nimemwandika humu kama mtu wa hila. Leo alikuwa ndiye peke yake chumbani aliyesema jambo lenye kumgharimu.

Prefe akaagiza Generose aitwe. Akamuuliza, kwa upole, kama ni kweli hakuitumia IA.

"Niliitumia, Monsieur le Préfet. Kupita bote."

Nilihisi masikio yangu yakipata moto. Prefe akanigeukia, akatabasamu kidogo tu, kiasi cha adabu. Nikamwomba binti mwenyewe aeleze, na namshukuru Mungu nilimwomba, hata kama nilifanya hivyo kwa kukosa la kufanya.

Alieleza akiwa amesimama, mikono nyuma. Mfano wa Patient ulipofika kwenye kundi, aliusoma, akafika kwenye theluji. Akaiandikia mashine kwamba huku hakuna theluji. Mashine ikaomba radhi, ikaweka jangwa. Akaiandikia kwamba huku hakuna jangwa. Ikaomba radhi, ikaweka bahari. Akaiambia huku kuna Mulongwe, na Mulongwe uliua watu. Ikaomba radhi tena, ikamsifu, ikamwambia ana haki kabisa, yaani asemalo ni kweli.

"Kila nikiikatalia inasema niko na haki," alisema. "Hata nikiidanganya, nikisema bongo, niko na haki. Njo nikajua haiko na kintu ya kunifundisha ku ile neno. Lakini kwa kuigombeza, nilisikia vile minye mwenyewe ninawaza. Nikafunga simu, nikaandika."

Mwalimu wa hesabu alicheka kwa furaha ya kweli. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikiitazama hoja yangu isiyokuwa na mwanya.

Prefe akafunga jambo kama mtu afungavyo dirisha kabla ya mvua.

"Points zikisha kutangazwa, haziguswe. Nikigusa za Generose leo, kesho bazazi bote bako ku mulango yangu. Lakini repêchage iko mu règlement. Arudilie ile insha, mada ileile, Jumanne. Akipata, tunamutuma."

Repêchage, kuwavua walioanguka: desturi ya zamani na ya huruma, nayo imo katika kanuni za shule. Nikauliza itasahihishwa na nani, na kwa kipimo gani. Akasema kwa kipimo kilekile cha mfano wa mashine, ili haki iwe sawa kwa wote. Akaongeza kwamba swali langu lilikuwa zuri.

28 Aprili

Generose aliketi peke yake katika darasa tupu. Nilisimamia tena. Mvua ilikuwa kubwa. Hakutazama dirishani. Aliandika bila kusita, mstari baada ya mstari, na nilipopita nyuma yake nikaona theluji ikiyeyuka vileleni.

Kumi na nane juu ya ishirini.

29 Aprili

Nilimkuta langoni baada ya masomo, akingoja mvua iishe. Nilikuwa nimekusudia kumpongeza. Badala yake nikamuuliza kwa nini. Nikamwambia angeweza kuiandika tena ile ya kwanza, kuiboresha, kuwalazimisha wasome. Nikamwambia Patient alikuwa upande wetu. Nilisema mengi.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kama wanavyosikilizwa wakubwa.

"Ile ya theluji niliishika tangu mwezi wa tatu, Prof, sawa na benzangu. Sikuwa mujinga. Minye nilitaka kupita. Weye njo mwenye ulitaka kushinda."

Nikamwambia kwamba hata hivyo jambo hili halipaswi kuzikwa. Insha mbili, mtoto mmoja, mada moja, mwezi mmoja: tano na kumi na nane. Watu waone. Alifikiri, akiteremsha mkono wake kwenye maji yaliyokuwa yakichuruzika kutoka kwenye bati.

"Ngoja nimalize examen yote. Kisha ubandike. Lakini ubandike zote mbili, na jina yangu. Ya theluji pia ni minye niliiandika."

Ilinichukua njia nzima ya kurudi nyumbani kuielewa sentensi hiyo ya mwisho. Sina hakika kwamba nimeimaliza.

7 Mei

Patient amefuta mifano yote kumi kutoka kwenye kundi. Badala yake ameweka swali moja, bila jibu: *Mfano ule ulikosea wapi?* Ninatilia shaka kama mtu atajibu.

9 Mei

Hakuna aliyejibu. Wamelinakili swali kwenye madaftari, kwa wino wa buluu, na kulipigia mstari.

12 Mei

Nimeyasoma haya yote tangu Februari. Dai langu la kwanza lilikuwa na adui mmoja, naye alikuwa ndani ya simu. Lakini simu ile ilipoingia darasani ilikuta watoto ambao tangu mwaka wa kwanza wa msingi wamefundishwa kwamba jibu hushuka kutoka juu, huandikwa, humezwa, hurudishwa. Ingeshuka theluji kutoka mdomoni mwangu wangeimeza vilevile. Hata sasa, swali la Patient wamelipokea kama jibu.

Siiondolei mashine shaka yangu. Chombo kinachokubaliana na kila mtu ni chombo cha kuogopwa, nami bado sijaambiwa kwa nini kinatolewa bure. Lakini mwizi akikuta mlango wazi, mwenye nyumba naye ana la kueleza.

26 Mei

Insha ya mtihani wa Taifa imefanyika leo. Generose alitoka, akapita mbele yangu, hakusema aliandika ipi. Sikumuuliza. Ni mara ya kwanza msimu huu nimejizuia kuuliza.

4 Juni

Mvua ya mwisho, nadhani. Fupi, ya asubuhi, isiyotosha hata kukatiza somo.

Siku ya mwisho ya mitihani, Juni

Kiangazi. Ziwa limetulia, vumbi limerudi barabarani. Wanafunzi wa mwaka wa sita wamemaliza karatasi ya mwisho. Wameandikiana majina kwenye mashati meupe, wanaimba kuelekea Mulongwe. Generose alinitumia ujumbe wa neno moja: *Bandika.*

Prefe alikuwa amenionya, kwa upole wake, kwamba walimu wasio na mkataba wa kudumu hufikiri mara mbili. Nimefikiri mara mbili. Patient alileta gundi. Tumebandika insha zote mbili kwenye lango, upande wa nje, pamoja na jina lake, na chini yake nimeweka maneno haya, ninayoyanakili hapa ili yasije yakaondoka na upepo:

*Kwa Prefe Herménégilde, kwa walimu wenzangu nami nikiwamo, kwa wakaguzi, na kwa wazazi wanaopita hapa wakienda sokoni.*

*Hizi ni insha mbili za mwanafunzi mmoja juu ya mada moja. Katika ya kwanza ameandika juu ya mto uliomtoa shangazi yake nyumbani. Tumempa tano, tukamwambia yuko nje ya mada. Katika ya pili ameandika juu ya theluji ambayo hajaiona wala hataiona hapa; tumempa kumi na nane, tukamfungulia mlango. Ili afike kwenye mtihani wa Taifa ilimbidi aache kusema alichokijua. Nilidai kwamba mashine huwaibia watoto maswali yao. Ninalirekebisha dai langu hadharani: maswali yao yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa kabla mashine haijafika, nayo imekuja kuifanya kazi yetu kwa haraka zaidi.*

*Ninadai jibu, hapa langoni, kwa maandishi na kwa majina: ipi kati ya insha hizi mbili ni kazi ya shule yetu? Na kama ni ya pili, mwalimu ni wa nini? Chini ya karatasi hii nimeacha nafasi, na gundi iko kwa mlinzi.*

*Mniambie nimekosea, nitasoma. Mnifukuze, nitasoma vilevile nikiwa upande wa barabara. Ila msiniambie kwamba swali langu ni zuri.*